Ua Lisilokufa kwa Karipio

Hakuna kufuli lisilofunguka. Ukilijua hilo ukiwa kijana unacheka. Ukilijua ukiwa mke wa fundi, halafu mjane wa fundi, halafu fundi mwenyewe, unakuwa kama Bi Kufuli: mtu akikuamkia, wewe unaangalia kwanza mikono yake iko wapi.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, ila lilishakufa kwa kukosa wa kuliita. Mtaa mzima ulimwita Bi Kufuli, naye aliitika. Kibanda chake cha mabati kilibanwa kati ya duka la viatu na ngazi za ghorofa, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alibaki nje na kiwiliwili akaingiza maneno tu. Ndani kulikuwa na mashine ya kuchongea funguo, jiliwa la kubania chuma lililokazwa kwenye meza, ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa, na tupa za kusugulia chuma. Tupa moja ilikuwa ya marehemu mumewe. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba, na kidole gumba cha Bi Kufuli kilikuwa kimejifunza kukaa palepale.

Kila ufunguo uliotoka mikononi mwake ulipigwa chale. Kabla hajamkabidhi mteja aliupitisha kwenye ile tupa mara moja tu, chini ya shingo, likabaki pengo dogo ambalo asiyelijua halioni.

"Kesho atakuja mtu na ufunguo wa vishoka wa kule sokoni, aseme Bi Kufuli kaniharibia kitasa," alikuwa akisema. "Namuuliza, chale iko wapi? Haipo. Basi mrudishie aliyekuchongea."

Kulikuwa na kazi nyingine aliyoifanya, na hii ndiyo iliyomjengea heshima na kumpunguzia marafiki. Watu walioibiwa walimletea kitasa kilichovunjwa, naye alikitia chini ya lensi yake, akakigeuza, akakipulizia vumbi, akakisoma kama wenzake wanavyosoma gazeti. "Huyu hakuvunja," angesema. "Huyu kafungua kwa ufunguo, mikwaruzo kaiweka baadaye. Mwizi wako anakula kwako." Mteja angeondoka na kitasa chake mkononi na uso wa mtu aliyepewa nyoka abebe. Wako walioachana kwa neno hilo. Wako ndugu ambao mpaka leo hawazikani. Bi Kufuli yeye alikuwa amesharudi kwenye jiliwa.

Sasa mtu wa namna hiyo, mumewe akamletea ua.

Marehemu alikuwa mtu wa kurudi nyumbani na mkate, mafuta ya taa na miguu inayouma. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuleta kitu kisicholika wala kisichowaka. Halafu jioni moja akaingia amebeba kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lina vipande vya magome na mkaa badala ya udongo, na juu yake limesimama okidi, bua limepinda kwa uzito wa maua. Yalikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai, na katikati yana madoadoa mekundu kama vile mtu amepiga chafya akiwa na wino mdomoni.

"Hili umemnunulia nani?" Bi Kufuli aliuliza.

"Wewe."

"Nani kalikataa?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaliweka mezani, akaomba chai. Jibu hakutoa.

Kesho yake Bi Kufuli alifunga kibanda mchana kweupe akaenda kumtafuta muuza maua. Alimkuta, mwanamke mpana mwenye aproni ya plastiki, anapunguza miiba ya mawaridi.

"Mzee mrefu, kofia imefifia? Namkumbuka," muuza maua alisema. "Aliyapita yote haya ya kupendeza. Akaniuliza, mama, ni lipi hapa halifi likikaripiwa?"

"Kakufundisha useme hivyo."

"Mama, mimi nauza maua. Masomo nilishayaacha."

"Na kama alikwambia ni la mke wake, wewe umejuaje mke ni mimi?"

Muuza maua alimwangalia kuanzia viatu mpaka kilemba. "Nimejua," akasema.

Basi akamfundisha. Kwamba hilo ni chotara: watu wa maua wamechukua mama wa huku na baba wa kule wakawaozesha, na mtoto amewazidi wote wawili. Kwamba halipendi jua la kumwagika, linapenda mwanga uliochujwa na pazia. Kwamba maji usilimwagie kwa huruma, ulimwagie kwa macho: mizizi ikiwa myeupe kama fedha lina kiu, ikiwa kijani limeshiba, liache. Maji yakituama pale katikati majani yanapozaliwa, uyafute, pakioza hapo ndiyo basi. Na likishashika matumba usiligeuzegeuze, litatafuta mwanga upya na bua litajisokota.

"Mbegu zake?" Bi Kufuli aliuliza, kwa sababu anapenda kitu chenye akiba.

"Mbegu yake haimzai yeye. Ukibahatika kuotesha utapata kitu kingine kabisa. Hilo ni hilohilo."

"Yaani halichongwi jingine."

"Halichongwi, mama."

Maua yale yalipukutika kwa zamu, na mzee naye hakukaa sana. Akaondoka na jibu lake. Bi Kufuli akabaki na kibanda, na tupa, na chotara lisilochongwa jingine, na neno la muuza maua ambalo aliliamini nusu. Ile nusu nyingine iliendelea kumuuma kama jiwe ndani ya kiatu: labda lilikuwa la mwanamke mwingine. Alijisemea kuwa likitoa maua tena litakuwa limejibu. Lingejibu vipi hata yeye hakujua, lakini alingoja.

Likawa halitoi. Liliota jani, likapumzika, likaota jani. Alilikalisha kwenye ukingo wa dirisha la chumba chake, nyuma ya pazia, dirisha lenye nondo linalotazama uani kwenye kamba za nguo. Alililowesha kwenye beseni, akalichuja, akalifuta katikati kwa pamba, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alilikaripia.

"Unakula bure. Unakunywa bure. Hata asante huna. Umemfuata nani wewe?"

Halafu alifunga mlango wa chumba kwa kitasa alichokichagua mwenyewe. Ufunguo wake ulikuwa mmoja, na ulilala kifuani kwake. Hata mwanawe hakuwa nao.

Mwanawe alikuwa fundi rangi, kijana mpole, mpole kwa kiwango kinachokera. Ukimuuliza anataka chai ya maziwa au ya rangi anajibu yoyote. Huyu naye akaoa, wakakaa chumba cha mbele. Mkamwana alikuwa anauza kwenye duka la dawa, mwembamba, koti jeupe, anatembea kama paka. Bi Kufuli hakuupenda ule mwendo tangu siku ya kwanza. Mtu mwema ana kishindo. Halafu ile kazi yake. Anayejua dawa ya kuponya, alijisemea, na ile nyingine anaijua iko rafu gani.

"Shikamoo Mama," mkamwana angesema akiingia.

"Marahaba." Na moyoni: mama, mama, kama anapiga mnada.

Lakini hapa lazima isemwe, maana ni kweli: siku mkamwana akichelewa kutoka kazini, Bi Kufuli alikuwa akizima redio ili asikie geti.

Ndipo likachomoza bua. Kwanza lilikuwa kama ncha ya kidole inayochungulia chini ya jani, kijani kibichi, inaelekea juu. Bi Kufuli alilitazama kwa lensi, akajua si mzizi. Siku hiyo hakulikaripia. Aliliambia tu, "Tutaona."

Kosa lake ni kumwambia Mama Chumvi. Mama Chumvi ni jirani aliyepata jina hilo kwa kuazima chumvi ambayo haijawahi kurudi, na kila akija kuazima anaacha maneno kama malipo.

"Shoga, hongera," Mama Chumvi alisema, amejiegemeza mlangoni na kikombe chake. "Ila angalia. Kuna mama mmoja walimbadilishia. Wakachukua lake zuri wakamwekea la kizembe. Majani si yanafanana? Mpaka lije litoe maua, mtu ameshauza na hela ameshakula."

"Nani atabadilisha humu?"

"Mimi sijasema mtu. Nimesema majani yanafanana." Akachukua chumvi akaenda zake.

Hapo ndipo Bi Kufuli alipofanya jambo ambalo lingefanywa na fundi kufuli peke yake. Jioni ile alirudi na tupa ya marehemu imefungwa kwenye kitambaa. Akalitoa ua dirishani, akalishika jani la chini kama anavyoshika ufunguo, akalipitisha kwenye ukingo wa tupa mara moja. Pengo dogo, safi. Chale. Sasa abadilishe anayebadilisha.

Hazikupita siku nyingi, palepale penye chale pakatokea doa. Doa jeusi, lenye majimaji, limezungukwa na umanjano, linatanuka. Bi Kufuli aliinama juu yake, na akili yake ikaenda moja kwa moja mahali ilikozoea kwenda. Mwizi mwenye akili hufuta alama kwanza. Kuna mtu kaiona chale. Kuna mtu anaifuta.

Akapiga chale jani la pili, kwa tupa ileile, ili la kwanza likiharibiwa ushahidi ubaki.

La pili nalo likaingia weusi.

Akapiga la tatu.

Kufikia hapo alikuwa haongei mezani. Alikuwa anakula huku anamtazama mkamwana vidole. Mwanawe alimuuliza kama anaumwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na akamwomba asogeze chumvi, kidogo iliyobaki.

Weusi wa jani la tatu ulikuwa unashuka kuelekea katikati, kule bua lilikotoka. Ukifika pale, alijua, ndiyo basi, na halichongwi jingine. Na ndani ya kifua chake kulikuwa na hesabu nyingine kubwa kuliko hiyo, ambayo alishaipiga na kuimaliza. Akimshika mkamwana, mkamwana anatoka. Na mwanawe? Mwanawe atachagua yoyote, kama chai.

Jioni moja akafungua chumba akakuta majani yamepakwa unga wa kahawia. Si yote, yale meusi tu, tena juu ya vidonda vyenyewe. Akagusa, akanusa. Mdalasini.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kitasa alikisoma kwa lensi, kilikuwa safi kama kilivyotoka dukani. Basi ni dirishani. Dirisha huliacha wazi mchana kwa ajili ya hewa, na kati ya nondo na nondo hapiti mtu, ila unapita mkono mwembamba.

"Mdalasini?" Mama Chumvi alishangaa, maana Bi Kufuli alikuwa ameshindwa kukaa na siri hiyo. "Kwenye ua? Shoga, hiyo ni harufu ya kufichia harufu. Chini yake kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi siuzi dawa. Waulize wanaouza."

Fundi wa makufuli ana unga wake. Ni unga wa risasi ya penseli, ambao hutiwa ndani ya kitasa kigumu ili kilainike. Ni mweusi wa kijivu, laini kuliko poda ya mtoto, na ukikugusa unatembea nawe siku nzima. Asubuhi Bi Kufuli aliupuliza kwenye nondo, kote, mpaka kwenye ukingo wa dirisha. Halafu akaenda kibandani akamharibia mteja wake wa kwanza ufunguo, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Jioni walikaa mezani. Mkamwana alikuwa ametoka kazini, hajavua koti. Akanyoosha mkono kuchukua sukari, na kwenye pindo la mkono wa koti lile jeupe pakaonekana mstari wa kijivu, umenyooka kama uliopigwa rula.

"Usishushe huo mkono," Bi Kufuli alisema.

"Mama?"

"Ulitoka kazini mchana, ukaja nyumbani. Ukapita uani. Uliingiza mkono dirishani kwangu."

Mkamwana aliliangalia pindo la mkono wake, kisha akamwangalia mama mkwe wake. Hakuruka, hakulia. "Niliingiza," akasema. "Nilitia mdalasini. Naliona tangu siku ile naanika mashuka. Lina vidonda, na kidonda cha okidi kinakaushwa kwa mdalasini. Nilimuuliza muuza maua."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia lina vidonda, ungesema nimelitia vidonda."

"Na ndiye wewe."

Kijiko cha mwanawe kiligonga kikombe. "Mama, labda tungeuliza kwanza..."

"Wewe nyamaza. Umepaka rangi kuta za watu mpaka ulimi wako umekuwa chokaa." Akamgeukia mkamwana. "Nimesoma vitasa vya mtaa huu mzima. Nimewaambia watu wazima kwamba mwizi wao ni mtoto wao. Unadhani cha kwangu nitashindwa kukisoma? Kulikuwa na ua zima humu, ukaja wewe, likaanza kuoza. Mwaga unga unavyotaka."

Mkamwana alivua koti, akalikunja, pindo lile kwa ndani. Alikuwa ametulia kiasi cha kutia hofu.

"Mama, nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Nikitoka nyumba hii kwa sababu ya hilo ua, sirudi kulala humu. Hata ukinifuata."

"Mlango wangu unafunguka kwenda nje. Nimeutengeneza mwenyewe."

Wakainuka wote wawili kwenye meza, mkamwana na mume wake. Wote wawili. Bi Kufuli aliona hilo: yule wa yoyote alikuwa amechagua, tena upesi, tena bila kugeuka.

Mwanawe alipata chumba mitaa miwili kutoka hapo. Asubuhi ya kuhama alikwenda kutafuta mkokoteni, mkamwana akabaki anafunga vyombo chumba cha mbele, na gazeti linalofungiwa vikombe lilikuwa likisikika likikunjwa. Bi Kufuli alijifungia chumbani kwake. Alitaka kuwa na ushahidi. Watu wataongea, na yeye hajawahi kutoa hukumu bila kuonyesha mkwaruzo.

Akaliweka ua juu ya stuli chini ya mwanga, akavaa lensi, akaanza kama anavyoanza na kitasa. Swali la kwanza ni lilelile siku zote: aliingilia wapi?

Jani la kwanza. Weusi ulikuwa umetanuka kama kipepeo, mwembamba mahali pamoja, mpana kwingine. Penye wembamba ndipo ulipoanzia. Aliufuata kwa ncha ya sindano, ukarudi, ukarudi, ukaishia ukingoni mwa jani, kwenye pengo dogo, safi.

Jani la pili. Vilevile.

La tatu akalisogeza karibu na jicho mpaka kope ikaligusa. Vilevile.

Kulikuwa na jani moja changa, la juu, ambalo hakulipiga chale kwa sababu lilikuwa dogo, lisingevumilia tupa. Alilipindua chini na juu. Lilikuwa zima, linang'aa, halina hata nukta.

Bi Kufuli alikaa. Halafu akaifungua tupa kwenye kitambaa chake, akaitia chini ya lensi. Katikati ya meno yake kulikuwa na kila kitu: vumbi la shaba, grisi, jasho la mikono ya watu, uchafu wa funguo zilizotoka mifukoni na vyooni na mitaroni. Na juu ya hayo yote, utando wa kijani uliokauka, utomvu wa jani la kwanza, ambao aliubeba yeye mwenyewe kwenda la pili, na kutoka la pili kwenda la tatu. Mwizi hakupita mlangoni wala dirishani. Alifunguliwa na mwenye nyumba, akashikwa mkono, akaonyeshwa chumba kimoja kimoja.

Akarudia kutazama majani. Hili nalo lilikuwepo tangu jana, ni yeye tu hakulitazama: chini ya mdalasini, weusi ulikuwa umesimama. Ukingo wake ulikuwa umekauka, mgumu kama kovu. Kwenye jani la tatu ulisimama karibu kabisa na katikati, na bua lilikuwa linaendelea kupanda, lina vitumba vidogo kama kichwa cha kiberiti. Ua lilikuwa hai kwa mkono uliopenya kwenye nondo zake.

Neno samahani Bi Kufuli alilijua. Alilitumia kwenye foleni, anapotaka kupita.

Alitoka kwa mlango wa uani ili asipite chumba cha mbele, akaenda kibandani siku ambayo si ya kazi. Akauvua ufunguo wa kifuani, akaubana, akachonga mwenzake. Mashine ilipiga kelele yake mtaa mzima. Akaulainisha, akaupangusa, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye meza kutafuta tupa, kama ulivyoenda maisha yote. Tupa haikuwepo. Ilikuwa nyumbani, juu ya stuli, imelala karibu na kazi yake. Nyingine zilikuwa pale ukutani, angeweza kutumia yoyote. Alizitazama, akafunga kibanda.

Mkokoteni ulikuwa umeshajaa nusu. Mwanawe alikuwa anafunga godoro kwa kamba, na mkamwana anatoka na beseni la vyombo.

"Weka beseni," Bi Kufuli alisema.

"Lina vikombe vyangu tu. Unaweza kukagua."

Neno hilo alilistahili, akalimeza. "Shika huu."

Mkamwana aliweka beseni chini, akapokea. "Wa wapi?"

"Wa chumba changu. Lile ua linataka mdalasini. Mimi vipimo sijui."

Mkamwana aliugeuza ufunguo, akapitisha ukucha chini ya shingo yake, taratibu, upande huu na upande ule. Alikuwa ameishi kwenye nyumba hiyo vya kutosha kujua anachotafuta.

"Hauna chale."

"Hauna."

"Nikikurudishia mwingine, utajuaje kwamba si huu?"

"Sitajua."

Mwanawe aliacha kufunga kamba. Kwa miaka yake yote hakuwahi kusikia mama yake akisema sitajua, na aliinama haraka kwenye godoro kama mtu aliyechungulia bafuni kwa bahati mbaya.

"Nani alilitia vidonda?" mkamwana aliuliza.

"Tupa."

"Tupa ya nani?"

Bi Kufuli alitazama beseni la vikombe. "Yangu."

Wengine wangekumbatiana hapo, na vyombo vikashushwa. Mkamwana aliutia ufunguo mfukoni, akainua beseni lake.

"Nitakuja kuliangalia mchana, ukiwa kibandani."

"Na nikiwa nipo?"

"Sitakuja. Nilikuambia mapema." Akalipandisha beseni mkokotenini, akaliegemeza vizuri lisigongane. "Haya, Bi Kufuli. Baki salama."

Si Mama. Bi Kufuli. Alilisema kwa adabu, kama mteja.

Na neno lake alilishika. Hajalala pale tena, wala hajamwita tena Bi Kufuli "Mama", na atakayesema alimkosea mkwe wake aulize kwanza nani alianza kukosea. Ila ua alilitunza. Bi Kufuli akirudi jioni alikuta beseni lina unyevu, mizizi imegeuka kijani, majani mabaya yamekatwa na penye mkato pamepakwa unga. Mama Chumvi alikuja na kikombe kutaka kujua yote. Akaambiwa kupitia upenyo wa mlango kwamba chumvi imekwisha, na itakuwa imekwisha hivyohivyo mwaka mzima. Tupa ya marehemu ilisafishwa kwa spiriti, ikarudishwa kibandani, na jani halijaiona tena.

Matumba yakavimba. Asubuhi moja la chini likapasuka, likafuata jingine, mpaka bua likapinda kwa uzito kama lilivyopinda siku ile kwenye mikono ya mzee. Njano ya kiini cha yai, na madoadoa. Lilikuwa lilelile. Lilinunuliwa kwa ajili ya nani, halikusema kitu, na Bi Kufuli alilikaripia kwa hilo.

Maua ya okidi hutazama mwanga. Yote yalikuwa yamegeukia dirishani, na yeye kutoka kitandani alikuwa anaona visogo. Jioni ile akakaa, akasimama, akalishika kopo kwa mikono miwili ili aligeuze kidogo tu, limtazame.

Ndipo akaona. Kwenye kopo, chini, palikuwa na mstari wa penseli, mwembamba kama unywele. Uliteremka mpaka kwenye ukingo wa dirisha na kuendelea hapo, mstari mmoja usiokatika. Kopo likisogea hata upana wa uzi, mistari haitakutana tena, na anayekuja mchana atajua.

Alivaa lensi akaukagua. Mkono wa aliyeuchora haukutetemeka mahali popote.

"Kazi safi," aliliambia ua.

Akaondoa mikono yake, mmoja halafu mwingine. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita chini ya kamba za nguo, akasimama uani kwenye jiwe la kufulia, palepale mkamwana alipokuwa anasimama. Akayatazama maua yake kupitia nondo za dirisha lake mwenyewe, kama mwizi.